Mshumaa Ndani ya Pipa: Maisha ya Mama Mapipa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya kuazima, familia imemteua mdogo wake wa mwisho awasomee maisha ya dada yetu, na imemwonya mapema asitie chumvi, maana marehemu mwenyewe chumvi aliipangia kazi nyingine kabisa, ambayo mtaisikia huko mbele. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mapipa, na wengine hamkuwahi kujua kama ana jina jingine, basi nasi leo tutamwita hivyo hivyo, kwa kuwa jina hilo alilipata kwa jasho lake, na alikuwa akiliitikia hata akiitwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Mama Mapipa alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyoungana ukuta na mashine ya kusaga nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee mwenye mashine ile na mkewe mshona nguo, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mkunga alilazimika kupaza sauti ili asikike, kwa sababu baba alikataa kuzima mashine, akidai kuwa foleni ya wateja haina habari na uchungu wa mtu. Alikulia katika vumbi la unga, nywele nyeupe kabla ya wakati wake, na alipopata akili alipewa kazi ya kukaa mlangoni kupokea madebe ya mahindi na kuyachekecha, na hapo ndipo alipofahamiana na fukusi, yule mdudu mdogo mwenye pua ndefu anayetoboa punje na kuhamia ndani yake na ukoo wake wote. Alizoea kuweka sikio kwenye gunia na kusikiliza, akisema anawasikia wanavyotafuna, na sisi wadogo zake tulimcheka mpaka siku ile alipotulazimisha na sisi tusikilize, tukasikia kweli, mchakacho mdogo wa meno mengi, na tangu hapo hakuna aliyelala vizuri karibu na gunia.

Kuna mteja mmoja hakumsahau maisha yake yote, mama mmoja aliyefika mlangoni na debe kichwani na mtoto mgongoni, akashusha debe lake, na Mama Mapipa alipoingiza mkono akatoa maganda matupu na vumbi, chakula cha mwaka mzima kimeliwa kikiwa ndani ya nyumba, kimya kimya, mlango umefungwa kwa kufuli. Baba hakumtoza chochote yule mama, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kusaga, na dada yetu alisimama pale mlangoni akamwangalia akirudi na debe lake jepesi, akaapa kitoto kwamba akiwa mkubwa atawakomesha wale wadudu, na wote tukajua kuwa kwa kisirani alichonacho, wadudu wamepata mtu wao.

Alianza elimu ya msingi Januari 1965, katika shule iliyokuwa upande wa pili wa reli, akamaliza mwaka 1971, kisha akaingia sekondari ya wasichana ya bweni na kuhitimu Novemba 1975, ambako alama zake za hesabu si za kusimulia mbele ya wageni, lakini sayansi aliipenda, na aliwahi kutolewa darasani kwa kosa la kufuga fukusi ndani ya chupa ya wino, akiwa ameiziba mdomo kwa nta ili aone watachukua muda gani kufa kwa kukosa hewa. Walikufa wakati yeye yuko nje amesimamishwa juani, hakuwaona, na alirudi likizo amenuna kwa sababu hiyo peke yake.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika ghala kubwa la nafaka, lile jengo refu la mabati lenye milango ya kuteleza na popo kwenye mihimili, na mwaka 1979 alipelekwa kozi ya matumizi ya dawa za kuhifadhi, akarudi akiwa kwenye kikosi cha dawa, kazi yao ikiwa kufunika malundo ya magunia kwa maturubai mazito, kuweka tembe zinazotoa hewa ya sumu, kukandamiza kingo kwa mifuko ya mchanga, kufunga milango na kubandika alama ya fuvu, na hapo hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kuingia mpaka siku zitimie na milango ifunguliwe upepo upite. Katika kazi hiyo hakuwa na mchezo wala mjomba, aliwahi kumzuia bosi wake mwenyewe aliyesahau kofia ndani, na kofia ile ikakaa na fukusi waliokufa mpaka muda wake ulipofika.

Ni alama hiyo ya fuvu iliyomletea mume, kwani siku moja fundi bati aliyeitwa kukarabati mifereji ya paa alipanda ngazi bila kuuliza wakati ghala limefungwa na dawa, Mama Mapipa akamwona, akamshusha kwa maneno ambayo wapagazi waliyakariri mwezi mzima, na kesho yake Fundi akarudi na shati lililopigwa pasi kuja kuomba radhi, na keshokutwa akarudi tena kuomba radhi ile ile, na radhi hiyo moja aliiomba mpaka baba akauliza nyumbani huyu kijana alikosa nini kikubwa hivyo. Walifunga ndoa tarehe 23 Oktoba 1982, wakahamia nyumba ya vyumba vitatu yenye ua, karakana ya Fundi ikiwa upande wa mbele, na kelele za nyundo zikamfaa bibi harusi, kwa kuwa mtoto wa mashine ya kusaga hawezi kulala penye utulivu.

Walijaliwa watoto wanne. Wa kwanza alikuwa binti, aliyezaliwa tarehe 5 Juni 1984, na tulimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika tangu alipojua kusema, akizungumza na kuku, na nyundo, na kivuli chake mwenyewe, akafuatiwa na mvulana tarehe 19 Novemba 1987, ambaye leo ni dereva wa lori, kisha binti mwaka 1992, ambaye ni nesi, na kitinda mimba mwaka 1995, ambaye ni mwalimu, na hawa watatu wako hapa mbele yenu. Chiriku hayupo, na hapa, ndugu waombolezaji, mtusamehe tukisoma polepole.

Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Aprili 1990, Mama Mapipa aliondoka asubuhi kwenda semina ya kazini katika mji mwingine, na mchana wake mvua ikanyesha ya kuvunja vichaka, banda la nafaka likavuja, maana paa la fundi bati huwa la mwisho kuzibwa, na magunia ya mahindi yakahamishiwa haraka katika chumba alichokuwa akilala Chiriku. Ndani ya magunia yale zikawekwa tembe za dawa zilizonunuliwa barabarani kwa muuzaji wa kupita, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila maelezo wala onyo, midomo ya magunia ikafungwa kwa kamba, na dirisha likafungwa kwa sababu ya mvua. Chiriku alilala humo usiku ule na usiku uliofuata, akalalamika kichwa na tumbo, ikadhaniwa kuwa amekula embe bichi, na alfajiri ya Jumatano tarehe 11 Aprili alikutwa amefariki, hajatimiza miaka sita. Mdogo wake wa kiume, kwa kuwa alikuwa na miaka miwili tu na mama hayupo, alilala chumba kingine kifuani kwa baba yake, ndiyo maana tunaye.

Kwa miaka thelathini na zaidi watu wameamini kwamba tembe zile aliziweka Mama Mapipa kabla ya kusafiri, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi ya dawa, na hakuwahi kukanusha. Ndugu wa mume walimnyooshea kidole kwenye matanga yale yale, kazini aliondolewa kwenye kikosi cha dawa akapewa ufagio, naye akaupokea, na baadaye, aliposimama katika mikutano kuwaeleza watu hatari ya kuweka dawa mahali wanapolala watoto, alisema wazi kwamba nyumbani kwake dawa iliwekwa na mtoto wake akafa, na kila aliyemsikia alifahamu alichofahamu. Usiku wa kuamkia jana, katika kikao cha familia cha kuandaa historia hii, Fundi aliinuka, akasema kwamba mkewe hatashuka kaburini na mzigo usio wake, akatuomba tusome mbele yenu nyote kwamba dawa ile aliinunua yeye, akaiweka yeye, kwa mikono yake, akitaka mkewe akirudi akute mahindi yamehifadhiwa na amsifu.

Tumesoma kama alivyoomba. Ametueleza pia kwamba dada yetu aliporudi kutoka safari, kabla hajavua viatu, yeye Fundi alimwita karakanani akamwambia yote, akitaka kutoka akawaambie watu waliojaa uani, na kwamba dada yetu alimshika mkono akamzuia, akamwambia, "Hili likiwa langu nitalisema mbele za watu, na watoto wa wengine watapona, likiwa lako utalinyamazia mpaka likuue." Fundi anasema alijaribu tena na tena kusema, na kila mara alikatazwa, na sisi tuliomjua dada yetu tunaamini, kwa sababu akishafunga jambo lake hakuna aliyewahi kulifungua.

Baada ya msiba ule Fundi aliacha kazi. Nyundo ilinyamaza, wateja wakaja kuchukua sufuria zao zikiwa bado zimetoboka, na yeye akashinda amekaa juu ya kigogo cha kufulia bati, ameshika tama, hata chakula akiletewa anakula kama mtu anayemfanyia mwingine kazi, na majirani wakaanza kunong'ona kuwa nyumba hii itazika tena. Ndipo siku moja ya mwezi Agosti 1990, Mama Mapipa alipoingia karakanani na mabati mawili mapya bapa begani, akayatupa chini mbele yake kwa kishindo, akamwambia anataka pipa la kuhifadhia mahindi, kubwa la kumfika kifuani, lenye kifuniko kisichopitisha hewa hata kidogo, na hataki la kununua, anataka la mkono wa Fundi mwenyewe.

Fundi alilitengeneza, likavuja, akalibomoa, akalitengeneza tena, na dada yetu akawa analijaza maji na kulikagua mshono kwa mshono, akilikataa kwa kidole, mpaka nyundo ikarudia mlio wake wa zamani na majirani wakaanza kulalamika kelele, jambo lililompa raha kuliko sifa yoyote. Mdomo wa pipa waliuzungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliopakwa grisi, mahindi yakakaushwa juu ya turubai na kupepetwa, yakamiminwa, na juu yake wakasimamisha mshumaa kwenye kisahani cha bati, akauwasha yeye, na Fundi akafunga kifuniko na kukaza mpira, kwa sababu mshumaa ukifungiwa unakula hewa iliyomo ndani mpaka uzimike wenyewe, na kidogo inayobaki wanaimalizia wadudu, kisha hawana pa kwenda. Ilikuwa ile ile chupa ya wino ya shuleni, safari hii imekuwa kubwa ya kulisha nyumba.

Pipa lile hakuliweka bandani. Aliliweka katika chumba cha Chiriku, penye ukuta ule ule palipokuwa na magunia, na watoto waliofuata wote walilala humo, kitanda kimelisogelea pipa, na aliyemshangaa alijibiwa kwamba ndiyo maana ya pipa, mtoto alale karibu nalo na asubuhi aamke. Walipolifungua Machi 1991, uani pakiwa na watu waliokuja kuona na wengine waliokuja kucheka, mahindi yalitoka yakilia mkononi kama kokoto, fukusi wachache wamekauka juu juu, na mshumaa umesimama katikati ukiwa umeungua robo tu, na Fundi akaingia ndani, akajifungia, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mwezi Aprili wa mwaka uliotangulia.

Msidhani kwamba kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa mteremko, kwa sababu mwaka 1992 kikundi cha akina mama wa mtaa kiliagiza pipa kubwa kwa Fundi, wakalijaza kwa pamoja, na walipolifungua harufu iliyotoka iliwarudisha hatua nyuma, mahindi yote yameshikana kwa ukungu, kijani na meusi, hayafai hata kwa kuku. Fundi aliamini moja kwa moja kuwa ni mkono wake tena, akaweka nyundo chini, na Mama Mapipa, akiwa na ujauzito wa miezi saba, alipiga magoti akachakura yale mahindi mpaka chini kabisa, akainuka na kumwambia mbele ya akina mama wote, "Kifuniko chako ni kizuri mno, ndiyo shida, tumefungia maji humu," kwani haraka ilikuwa imewaponza, mahindi yaliingizwa hayajakauka. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akagawa nusu ya akiba yake, na tangu hapo hakufunga pipa la mtu bila chupa yake ya chumvi, ambamo anatia konzi ya mahindi na chumvi kavu, anatikisa, anaiacha itulie, na chumvi ikinata kwenye kioo anawarudisha juani bila kujali cheo cha mtu, na hiyo ndiyo kazi ya chumvi tuliyowaahidi mwanzoni.

Kazini hakumwaga unga, ingawa kuna waliomngojea aumwage, na mwaka 1993 mtaalamu mmoja wa utafiti aliyefika ghalani alimkuta na ufagio akiwa ameweka sikio kwenye gunia, wakaongea, akamwombea kona ya kufanyia majaribio, na kwa miaka iliyofuata yule mtaalamu alimfundisha sababu za mambo ambayo yeye aliyajua kwa mikono, naye akawa mwanafunzi wake wa kujivunia, akiandamana naye mikutanoni na mapipa mgongoni mwa lori, na humo ndimo jina la Mama Mapipa lilipozaliwa. Alifundisha kuanika mahindi juu ya plastiki nyeusi na kuyafunika kwa plastiki angavu mpaka joto liwashinde wadudu, alifundisha mifuko ya tabaka tatu kwa asiye na uwezo wa pipa, alifundisha kufagia nyufa za ghala na kuchoma mabaki kabla ya mavuno mapya, na gunia kuukuu alilichukia, akiliita nyumba ya wageni ya fukusi. Maharage ya nyumbani kwake yalikaa kwenye ndoo zisizojaa, na watoto walitakiwa kuzibingirisha asubuhi na jioni, ili mdudu mchanga asipate punje ya kutulia aitoboe, na mwalimu wetu huyu kitinda mimba alichelewa shule mara nyingi, na sababu aliyotoa hakuna mwalimu mkuu aliyeiamini.

Dawa hakuzitukana, na tunalisema hili kwa sababu wengine walimsingizia, alisema siku zote kwamba zina mahali pake, penye jengo la kufungwa, watu waliofundishwa na alama mlangoni, na kwamba mahali pake si chumbani, wala si mkononi mwa muuzaji asiyejua anachouza. Kila alipofika mahali kufundisha aliomba kwanza aoneshwe watoto wanalala wapi, na zipo nyumba, nasi tunaona baadhi ya wenyeji wake hapa, ambazo alitoa magunia nje kwa mikono yake kabla ya kusalimia.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 2012, akapewa redio na mkono wa kwaheri, na kesho yake akaamka mapema akaenda karakanani kumkagulia Fundi mishono, na Fundi alituambia kwa siri kwamba heri angeendelea na kazi. Lakini vumbi alilolivuta tangu akiwa mtoto mlangoni pa mashine, na miaka yake ya ghala, vilikuwa vimekaa kifuani vikimsubiri, na mwaka 2018 alianza kikohozi kisichoondoka, Juni 2020 madaktari wakamwambia kwamba mapafu yake yamechakaa na hayatarudi, wamsaidie tu kupumua, akawashukuru, akatoka nje, akatuambia fukusi wamekata rufaa na wameshinda, sasa ni zamu yake kujua kukosa hewa kukoje. Tulicheka kwa kuwa yeye alicheka, na kila mmoja akaenda kulilia kwake.

Kila mwaka baada ya mavuno, tangu 1990, pipa la chumbani kwa Chiriku walilifunga wao wawili tu, yeye akiwasha mshumaa, Fundi akishusha kifuniko, na hakuna mtoto wala ndugu aliyeruhusiwa kushika. Tarehe 20 Agosti 2022 ilipofika, alikuwa tayari anatumia mtungi wa hewa ya oksijeni, na binti yake nesi alikataa katakata moto usogee karibu na mtungi ule, basi pipa likatolewa uani, yeye akaketishwa barazani mbali kama mgeni wa heshima, akaamuru kwa mkono, akaitisha chupa ya chumvi aitikise mwenyewe, na Fundi kwa mara ya kwanza akawasha mshumaa peke yake, kiberiti kikimzimikia mara kadhaa, mpaka sauti ya barazani ikamwambia, "Baba Chiriku, pole pole, hewa ya kutosha bado ipo."

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 2 Machi 2023, na katika siku zile alizungumza kwa vipande, neno moja kwa pumzi moja, na maneno yake mengi aliyatumia kuagiza kwamba watakaokuja msibani kwake walishwe kutoka pipa lile, na kwamba likishafunguliwa lioshwe, likaushwe, lingojee mavuno. Alikata roho siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 2023, alasiri, dirisha likiwa wazi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Fundi, na Fundi anasema hakujua ni wakati gani, aliona tu kwamba anashika peke yake.

Hatutawaficha kwamba pipa limetupa shida. Fundi aligoma kulifungua, alikaa kando yake tangu Jumanne, na kaka zetu walipombembeleza, na akina mama wa jikoni walipouliza wapike nini, alijibu kwamba hewa iliyomo humo ndani iliingia siku ile mkewe akiwa barazani anapumua, na kwamba haipo kwingine tena duniani. Tukamwacha. Tuliogopa, tuseme ukweli, tukaukumbuka ule mwaka wa nyundo kunyamaza, na safari hii wa kumtupia bati mbele ya miguu hayupo.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya kifua, waliomvumilia mgonjwa aliyewakagulia jiko la hospitali kutoka kitandani, tunawashukuru majirani waliobeba maji, kuni na viti, na waliotuazima masufuria ambayo, tumeambiwa, mengi yamezibwa na mkono wa nyumba hii, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ghalani, wa zamani na wa sasa, pamoja na mtaalamu wake aliyesafiri akiwa na mkongojo, na tunawashukuru akina mama wa kikundi cha 1992, ambao walimsamehe mahindi ya ukungu na leo ndio wanaopika.

Mwisho tunamshukuru Fundi, kwa sababu leo asubuhi, kabla hamjafika, alikata ule ukanda wa mpira kwa kisu chake cha kazi, akanyanyua kifuniko kidogo tu, akainamisha uso wake pale mdomoni mwa pipa, akavuta pumzi, akakaa hivyo muda mrefu, nasi tukageukia ukutani. Kisha akalifungua lote, mahindi ni safi, hayana tundu, na ndiyo mtakayokula mkitoka makaburini. Alipomaliza alilipangusa pipa ndani kwa kitambaa kikavu, akalisimamisha juani, akamwita mwanawe dereva, akamwagiza kwamba akipita dukani amletee mpira wa baiskeli na mshumaa mpya.

Dada yetu, mumeo Fundi amelisema mwenyewe, limetoka kifuani kwake na hakufa nalo, Chiriku anakungoja na maneno mengi aliyokuwekea, vumbi limekwisha, pumua sasa, Mama Mapipa, pumzika kwa amani.